Ibrahim Khalil Khan na Bei ya Ulinzi

Usiku mmoja wa Juni 1747, huko Khorasan, maofisa wa Nader Shah waliingia katika hema lake wakamuua. Nader alikuwa mfalme wa Uajemi kwa miaka kumi na moja tu, lakini katika miaka hiyo alikuwa ametisha nusu ya Asia. Aliiteka Delhi mwaka 1739, akapigana na Waturuki wa Osmania, na majeshi yake yakavuka bahari hadi Oman. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kulikumbuka jina lake. Ahmad bin Said alijijengea sifa kwa kuwahimili Waajemi hao pale Sohar, na ukoo wake wa Albusaidi ndio uliokuja kutawala Zanzibar. Yaliyotokea Oman yalitokea pia kaskazini, kwenye milima ya Kaukasi. Mkono wa dola ulipolegea, kila mwenye ngome na watu wa kumfuata alijitangaza mtawala.

Ndivyo walivyozaliwa makhan wa Kaukasi ya kusini: wa Baku, Quba, Shaki, Shirvan, Ganja, Yerevan, Nakhchivan, Talysh na Karabakh. Wengine walitawala mji mmoja na vijiji vyake tu. Kaskazini yao walikuwapo mabwana wa milima ya Dagestan, ambao waliuza upanga wao kwa mwenye fedha. Magharibi alikuwapo Erekle II, mfalme wa Wageorgia. Nyuma ya hao wote yalisimama madola matatu yasiyoacha kuitamani nchi hiyo: Uajemi, Osmania na Urusi.

Ibrahim Khalil Khan wa Karabakh aliishi katikati ya hao wote kwa zaidi ya miaka arobaini. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Yeye alishika matatu, na mara nyingine manne, na hayakumponyoka kwa muda mrefu kuliko watawala karibu wote wa zama zake. Maisha yake yanatufundisha jambo ambalo vitabu vya historia ya madola hulipita haraka: mtawala mdogo hakuwa karata mikononi mwa wakubwa. Alipiga hesabu zake, akachagua, akalipa. Na bei kubwa kuliko zote aliilipa alipokubali kulindwa.

Mtoto wa mkimbizi

Baba yake, Panah Ali, alitoka katika kabila la Javanshir, wafugaji wa Kituruki waliohama na mifugo yao kati ya nyanda za joto na malisho ya milimani. Nader Shah hakuwaamini watu wa Karabakh. Baada ya kutawazwa kwake mwaka 1736, alihamisha familia nyingi za Javanshir na za makabila jirani hadi Khorasan, upande wa pili wa Uajemi. Panah mwenyewe alitumikia katika jeshi la Nader, kisha mwaka 1738 akatoroka na kurudi nyumbani, ambako aliishi kama mtu anayesakwa.

Habari za kifo cha Nader zilipofika, Panah hakuwa na dola, hazina wala mji. Alikuwa na jina la ukoo na kundi la wapanda farasi. Watu wake waliohamishwa wakaanza kurejea. Mwaka 1748 mpwa wa Nader aliyekalia kiti cha ufalme, Adil Shah, akamtambua kuwa khan wa Karabakh. Barua ya mfalme, hata hivyo, haizuii risasi. Panah alijenga ngome ya kwanza mahali paitwapo Bayat, kisha ya pili Shahbulag, na zote mbili hazikumridhisha kwa kuwa zilikuwa nchi tambarare.

Mahali alipopata amani palipatikana kwa njia ya mapatano. Milima ya Karabakh ilikuwa na tawala tano ndogo za Waarmenia, Gulistan, Jraberd, Khachen, Varanda na Dizak, kila moja chini ya bwana aliyeitwa melik. Mameliki hao walikuwa wamezoea kujitawala, na wengi wao hawakuona kwa nini wampigie goti mfugaji aliyetoka bondeni. Melik Shahnazar wa Varanda, aliyekuwa na ugomvi na wenzake, alishirikiana na Panah. Katika ardhi yake kulikuwa na uwanda ulioinuka juu ya magenge, mita zaidi ya 1,300 kutoka usawa wa bahari, wenye miamba mikali pande tatu na njia chache za kupandia. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1750, Panah alijenga ngome ambayo dunia imekuja kuijua kwa jina la Shusha.

Ibrahim Khalil, aliyezaliwa karibu mwaka 1732, alikuwa kijana wakati kuta hizo zikipanda. Somo lake la kwanza la utawala lilikuwa hilo: baba yake Mwislamu alipata usalama kwa mwamba aliopewa na bwana wa Kikristo aliyewaogopa ndugu zake kuliko alivyomwogopa mgeni.

Mateka anarudi kuwa khan

Somo la pili lilikuwa chungu. Mwaka 1759 Fath Ali Khan Afshar, mtawala wa Urmia, aliizingira Shusha. Hakuweza kuivunja, lakini baadhi ya mameliki walikuwa upande wake, na nchi yote iliyoizunguka ngome ikawa mikononi mwa adui. Panah akafanya suluhu, na dhamana ya suluhu hiyo ikawa mwanawe. Ibrahim akachukuliwa mateka.

Aliyemkomboa alikuwa mkubwa mwingine. Karim Khan Zand, aliyekuwa akiiunganisha Uajemi kutoka Shiraz, alikwenda kumpiga Fath Ali Khan, na Panah akajiunga naye kwa tumaini la kumpata mwanawe. Mwaka 1763 Urmia ilianguka. Karim Khan alimwachia huru Ibrahim, akamrudisha Karabakh kuwa khan, kisha akamchukua Panah kwenda naye Shiraz kwa heshima zote za mgeni. Panah hakurudi tena akiwa hai.

Tuutazame mpango huo kwa makini. Mfalme alimpa mwana utawala na akamshika baba. Ukarimu na kifungo vilikuja katika mkono mmoja. Ibrahim alipopanda tena njia ya Shusha akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, alikuwa ameshaonja ulinzi wa mkubwa ukoje, na ndiyo maana miaka iliyofuata aliitumia kuhakikisha hamtegemei mkubwa yeyote peke yake.

Ndoa zilizofanya kazi ya jeshi

Njia yake kuu ilikuwa ndoa. Alimwoa Hurizad, binti wa Melik Shahnazar, na hivyo akaufunga kwa undugu ule urafiki uliompa baba yake mwamba wa Shusha. Alimwoa Bike, dada yake Umma Khan, mtawala wa Waavari wa Dagestan, ambaye wapiganaji wake waliogopwa kuanzia Georgia hadi bahari ya Kaspi. Alimwoa mwanamke wa ukoo wa Abashidze wa Georgia. Akaoa pia katika ukoo wa makhan wa Shaki. Ukiwaweka wake hao juu ya ramani, unaona kwamba karibu kila mpaka wa nchi yake ulikuwa na shemeji au mkwe upande wa pili.

Mila hiyo si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani hata katika miji yetu ya pwani undugu wa ndoa umewahi kumaliza vita ambavyo bunduki zilishindwa kuvimaliza. Ila ndoa za kisiasa zina deni. Shemeji anayekuja kukusaidia leo huja kesho akitaka msaada, na adui zake huwa adui zako. Umma Khan aliposhuka kuivamia Georgia mwaka 1785, Ibrahim alijikuta kati ya shemeji yake na mshirika wake Erekle.

Ushirikiano wake na Erekle ulikuwa wa aina nyingine, wa watu wawili wenye hofu moja. Mashariki, Fatali Khan wa Quba alikuwa ameshaiunganisha Quba na Derbent, akaiweka Baku chini ya kivuli chake na kuingia Shirvan. Kila mwaka mkono wake ulisogea. Erekle na Ibrahim walimzuia kwa kuimiliki Ganja, mji tajiri uliokuwa kati yao. Mwaka 1780 waliuteka, wakampofua macho khan wake na kuweka wawakilishi wao wawili, mmoja wa kila upande. Baada ya miaka michache wenyeji waliwafukuza. Fatali Khan naye alifariki Baku mwaka 1789, na himaya aliyoijenga kwa miaka thelathini ikasambaratika haraka, kwani ilikuwa imefungwa kwa uhai wa mtu mmoja.

Katika kuandika barua na kupima maneno ya majirani, Ibrahim alikuwa na mtu wa pekee. Molla Panah Vagif, aliyezaliwa 1717, alifika Shusha kama mwalimu wa watoto. Elimu yake ilimpandisha hadi kuwa waziri mkuu wa khan. Huyu ndiye mshairi aliyeyashusha mashairi ya Kiazabajani kutoka kwenye lugha nzito ya Kiajemi na Kiarabu hadi kwenye maneno ya watu wa kawaida, akasifu uzuri wa wanawake wa kijijini na korongo wanaohama. Wenyeji walikuwa na methali kwamba si kila asomaye huwa Molla Panah. Mtu huyohuyo ndiye aliyeshughulikia mawasiliano na Tbilisi na Warusi.

Tusiurembeshe utawala huu kupita kiasi, kwani walikuwapo walioulipia. Mameliki waliobaki na ndoto ya uhuru walianza kuwaandikia Warusi katika miaka ya 1780, wakitumaini kwamba dola ya Kikristo ingewarudishia nchi yao. Ibrahim alizigundua barua hizo, akawakamata wakuu wao. Katholikosi Hovhannes wa monasteri ya Gandzasar, kiongozi wa kanisa lao, alifia gerezani Shusha mwaka 1786. Melik Mejlum wa Jraberd na Melik Abov wa Gulistan walitoroka, na familia nyingi za Waarmenia zikaihama nchi. Ngome iliyokuwa kimbilio kwa wengine ilikuwa gereza kwa wengine, na nyuma ya kila ushindi wa khan kulikuwa na kijiji kilichoachwa bila watu.

Mwajemi mlangoni

Mwaka 1795 dola ilirudi. Agha Muhammad Khan, mkuu wa ukoo wa Qajar, alikuwa amehasiwa utotoni na maadui wa baba yake, akaishi miaka mingi akiwa mateka Shiraz, kisha akaiunganisha Uajemi kwa ukatili uliotisha hata zama hizo. Sasa aliwataka makhan wote wa Kaukasi wamtii kama babu zao walivyowatii wafalme wa zamani. Ganja ilikubali. Ibrahim alikataa.

Jeshi la makumi ya maelfu liliuzingira mwamba wa Shusha kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mizinga ya Qajar ilipiga kuta, na walinzi wakashuka usiku kwa njia za magenge kuwahangaisha wavamizi. Watu wa bondeni walikuwa wamepandishwa ngomeni au kukimbizwa milimani pamoja na mifugo, hivyo jeshi kubwa lilikosa cha kula. Agha Muhammad aliondoka bila kuingia mjini. Hasira yake iliishia Tbilisi, mji wa Erekle, alioingia Septemba 1795, akauchoma na kuchukua watu wanaokadiriwa kufika 15,000 utumwani. Warusi, walioahidi kuilinda Georgia katika mkataba wa Georgievsk wa mwaka 1783, hawakufika kwa wakati.

Walifika mwaka uliofuata. Malkia Catherine II alituma jeshi chini ya Valerian Zubov, likateka Derbent na Baku, na Ibrahim akamtuma mwanawe kwa jenerali huyo na zawadi na maneno ya urafiki. Novemba 1796 Catherine akafariki, na mwanawe Paul akaliita jeshi nyumbani. Makhan waliokuwa wamejitokeza kuwapokea Warusi waliachwa uwanjani bila kinga.

Agha Muhammad alirudi mwaka 1797 kuwahukumu. Safari hii Karabakh haikuwa na nguvu ya kuhimili. Ukame ulikuwa umeua mazao, njaa ilikuwa imeenea, na maghala ya Shusha yalikuwa matupu. Ibrahim alifanya hesabu yake ya haraka, akaondoka na familia yake kuelekea kwa wakwe zake kwenye mipaka ya Dagestan. Mji uliomshinda mfalme miaka miwili kabla ukafunguliwa.

Agha Muhammad hakukaa Shusha hata wiki mbili. Watumishi wake waligombana, kelele zao zikamkera, akaamuru wauawe. Ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo hukumu ikaahirishwa, na wale waliohukumiwa wakaachwa waendelee kumhudumia. Walijua neno lake halirudi. Usiku huo wa Juni walimchoma visu hadi akafa.

Jeshi likatawanyika, na katika fujo hiyo mpwa wa Ibrahim, Muhammad Bey, akatwaa mji. Alikuwa mwana wa Mehrali, ndugu yake Ibrahim, aliyewahi kushindana naye kwa kiti cha Karabakh. Mkono wake haukuchelewa kumfikia waziri wa ami yake: Vagif aliuawa pamoja na mwanawe. Mshairi aliyesalimika na mfalme wa Uajemi aliuawa na kijana wa nyumba aliyoitumikia. Ibrahim aliporudi na kumwondoa mpwa wake, alirejea kwenye kiti chake lakini bila mtu wa kumshauri kama yule.

Lililofuata laonyesha ustadi wake. Aliupeleka mwili wa Agha Muhammad Uajemi kwa heshima, akamwoza binti yake, Agha Beyim Agha, kwa mfalme mpya Fath Ali Shah. Alikuwa mwanamke msomi na mshairi, akaheshimiwa sana katika jumba la kifalme. Mwanawe Abulfat naye akaingia katika utumishi wa shah. Adui wa jana akawa mkwe wa leo.

Mkataba wa Kurekchay

Mizani iliyomweka hai ilivunjika Januari 1804. Jenerali Tsitsianov, Mgeorgia wa asili katika jeshi la Urusi, aliivamia Ganja, na khan wa mji huo, Javad Khan, akafa akipigana ukutani. Georgia ilikuwa imeshamezwa na Urusi mwaka 1801. Sasa Warusi hawakuwa wageni wanaokuja na kuondoka, walikuwa majirani wa kudumu, na vita kati yao na Uajemi vilikuwa vimeanza.

Ibrahim alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Mei 1805, kando ya mto Kurekchay karibu na Ganja, alitia saini mkataba wa kuikubali himaya ya Urusi. Masharti yake yanastahili kusomwa polepole. Khan angelipa sarafu 8,000 za dhahabu kila mwaka. Asingefanya uhusiano na dola nyingine bila idhini. Mjukuu wake angekaa Tbilisi kama dhamana. Askari 500 wa Kirusi na mizinga yao wangekaa Shusha. Kwa upande wake, Urusi iliahidi kwamba utawala wa Karabakh ungebaki kwa ukoo wake kizazi baada ya kizazi, na khan akapewa cheo cha luteni jenerali.

Katika masharti hayo, dhahabu ndiyo iliyokuwa nyepesi. Uzito ulikuwa katika askari wale 500. Tangu siku za baba yake, nguvu yote ya Karabakh ilitokana na jambo moja: hakuna jeshi la nje lililodumu ndani ya ule mwamba; hata la Agha Muhammad halikukaa wiki mbili. Nadhiri, zawadi, hata binti wa kuozwa, vyote viliweza kusawazishwa na vingine kutoka upande wa pili. Kikosi kilicholala ndani ya lango hakikuwa na cha kukisawazisha.

Mwaka mmoja ulitosha kulithibitisha hilo. Februari 1806 Tsitsianov aliuawa nje ya kuta za Baku, na Waajemi wakapata moyo wa kusonga mbele. Katika jeshi lililoikaribia Karabakh alikuwamo Abulfat, mwana wa khan mwenyewe. Ibrahim alitoka ngomeni akapiga kambi kwenye mteremko karibu na mji, na familia yake ikiwa pamoja naye. Kwake yeye, kutuma ujumbe kila upande lilikuwa jambo alilolifanya maisha yake yote. Kwa Meja Lisanevich, mkuu wa kikosi cha Warusi, ulikuwa usaliti, na ndani ya ukoo wa khan walikuwapo waliotaka aamini hivyo, kwa kuwa suala la mrithi lilikuwa wazi. Usiku wa Juni 1806 Lisanevich aliongoza askari wake hadi kambini. Walimuua mzee huyo pamoja na watu wa nyumba yake, wanawake na watoto wakiwamo.

Mauaji hayo hayakuwa na faida hata kwa walioyafanya. Selim Khan wa Shaki, aliyekuwa ametia saini mkataba wa namna hiyohiyo na ambaye dada yake alikuwa mke wa Ibrahim, aliwafukuza Warusi na kuasi. Lisanevich alipanda vyeo hadi kuwa jenerali, kabla ya kuchomwa kisu na kufa huko Kaukasi ya kaskazini mwaka 1825.

Hukumu ya haki

Ahadi ya kizazi baada ya kizazi ilidumu miaka kumi na saba. Mehdi Gulu, mwana wa Ibrahim, aliwekwa khan na Warusi. Mwaka 1813 mkataba wa Gulistan, uliotiwa saini katika ardhi hiyohiyo ya Karabakh, ukaikabidhi nchi kwa Urusi mbele ya Uajemi. Mwaka 1822 Mehdi Gulu alikimbilia Uajemi, na utawala wa makhan ukafutwa. Shaki ilikuwa imefutwa mwaka 1819 na Shirvan mwaka 1820. Hakuna khan aliyelindwa na Urusi ambaye ukoo wake ulibaki na nchi.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kumhusu Ibrahim tumeipata kwa Mirza Jamal Javanshir, aliyekuwa karani wake na ambaye katika miaka ya 1840 aliandika tarikh ya Karabakh kwa Kiajemi, wakati Warusi wakitawala. Ni shahidi wa ndani aliyeandika chini ya macho ya mshindi, na yapasa asomwe kwa kuyakumbuka yote mawili.

Wapo waliomwita Ibrahim msaliti: Warusi wa wakati wake, Waajemi waliomwona kama raia mwasi, Waarmenia waliozikumbuka nyumba zao, na wazalendo waliotamani angekufa ukutani kama Javad Khan. Malalamiko ya Waarmenia ni ya kweli na hayafutiki kwa sifa zozote. Lakini hiyo tuhuma ya usaliti inadai kwamba alikuwa na deni la uaminifu kwa dola fulani kubwa, na hakuwa nalo. Kila dola iliyomwita rafiki ilimtumia kama ukuta wa mbele wa nyumba yake. Waliomdai walikuwa watu wa Karabakh, na kwao aliacha mji ulio hai wenye shule na washairi. Mjukuu wake Khurshidbanu Natavan, aliyezaliwa 1832, alikuwa mmoja wa washairi wakubwa wa lugha yake, na mwaka 1873 alijenga mfereji wa kuleta maji ya kunywa Shusha kwa fedha zake.

Kosa la Ibrahim Khalil halikuwa kubadilisha marafiki. Kubadilisha marafiki ndiko kulikomweka hai tangu mwaka 1763. Kosa lilikuwa ile siku moja, kando ya Kurekchay, alipokubali kitu kisichoweza kubadilishwa. Labda hakuwa na njia nyingine. Ganja ilikuwa imeanguka umbali wa safari ya siku chache, na alikuwa mzee. Lakini wale ambao nchi zao bado ziko kati ya wakubwa wanaogombana wausome mkataba ule sharti kwa sharti, na kabla ya kuuliza kiasi cha fedha au cheo wanachopewa, waulize askari wa mlinzi watalala wapi, na ni nani mwenye haki ya kuwaambia waondoke.